Miguu ya Alhamisi

Saa mbili asubuhi daktari wa zamu alitoa kalamu mfukoni akachora mstari kwenye mguu wa kulia wa Fundi, katikati ya kifundo na goti. Aliuchora taratibu, huku akitafuta kwa mgongo wa kidole mahali joto lilipokomea. Ngozi nyeusi haina tabia ya kuwa nyekundu waziwazi kama vitabu vya madaktari vinavyodai. Hung'aa, huvimba, huwaka moto, na mpaka wa ugonjwa hutafutwa kwa kupapasa. Alipomaliza kuuzungusha mstari wote, aliandika saa pembeni yake akarudisha kalamu mfukoni.

Kisha akasema, bila kumung'unya maneno, kwamba uvimbe ukibaki chini ya mstari hadi saa kumi alasiri, dawa ya mshipani itakuwa imeshika na mgonjwa atabaki hapohapo kliniki. Ukiuvuka, gari litamchukua mpaka hospitali kubwa, na huko wenye sukari ya kiwango chake mara nyingi hurudi na mguu mmoja.

Fundi alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Aliutazama mguu ule kama mtu anayetazama mtoto wake aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Huo ndio mguu wa kazi," alisema. "Huu mwingine unasindikiza tu."

Daktari akatabasamu kidogo, akatoka. Muuguzi aliyekuwa pembeni ameshika trei ya dawa hakutabasamu. Alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja, na tangu asubuhi alikuwa roho juu, maana alijua jambo moja ambalo daktari hakulijua.

Pale kliniki jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika zamani. Wote walimwita Sista Deki, na yeye mwenyewe akiitwa jina jingine alichelewa kugeuka. Alipohamia pale, miaka mitano nyuma, chumba cha sindano kilikuwa na tope la viatu vya watu mia kwa siku. Akafuta mchezo huo ndani ya wiki moja. Deki mara tatu kwa siku, madirisha yafutwe, ndoo zisuguliwe nje na ndani. Kisha akaleta jambo ambalo hakuna kliniki ya jirani iliyokuwa nalo: kandambili. Jozi ishirini na nne za mpira, rangi ya buluu, zenye mkanda mmoja mpana kwa juu. Mgonjwa anavua viatu vyake mlangoni, anavaa za kliniki, anaingia, anahudumiwa, anatoka, anazivua, na anayefuata anazivaa zikiwa bado na joto la mwenzake. Jioni zinatumbukizwa kwenye ndoo ya dawa, zinaopolewa, zinapangwa ndani ya sanduku lenye kifuniko ili panya wasizichezee. Sakafu iling'aa hata ungeweza kujitazama meno. Wakaguzi walikuja wakaipiga picha.

Juu ya kabati la viatu alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, kwa wino mwekundu: FANGASI NI UCHAFU. MTU SAFI HANA FANGASI. Na hakuishia kwenye karatasi. Mgonjwa akikunja shati apimwe presha, na kwenye mkono kukaonekana choa, ile duara yenye ukingo unaowasha, Sista Deki alimuuliza mbele ya benchi zima, "Wewe, unaoga kweli?" Watu walicheka. Aliyeulizwa alicheka pia, angefanyaje, ila safari ya pili alikuja na mikono mirefu na akasema ana baridi. Tumtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sawa, na watu wa aina hiyo huchoka kusikiliza mapema sana.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuja mgeni, daktari wa ngozi, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alitaka kujua jambo moja tu: kati ya watu wanaofika kliniki kwa ugonjwa wowote ule, ni wangapi wana fangasi ya ngozi. Si waliokuja kwa ajili ya ngozi. Wote. Aliyekuja na homa, aliyekuja na jino, mjamzito, mwenye kikohozi. Kila mmoja apite nyuma ya pazia atazamwe kutoka utosini hadi ukuchani, na kwenye daftari aandikiwe ana au hana. Penye shaka, anakwanguliwa ngozi kidogo kwa kisu kisichokata, ukwanguzi unawekwa kwenye kioo, unatazamwa kwa hadubini.

Hesabu ilimshangaza kila mtu isipokuwa mgeni. Katika kila watu kumi, karibu wanne walikuwa nayo. Huyu mba mgongoni, yule choa kiunoni alipofungia mkanda, mtoto mapunye kichwani, na wengi zaidi kuoza katikati ya vidole vya miguu. Wala hawakuwa wamekuja kwa sababu hiyo. Waliihesabu pamoja na kuumwa na mbu, kitu cha kujikuna na kuendelea na safari. Benchi la Alhamisi, la wagonjwa wa sukari, ndilo lililotia fora: wanaoonekana nayo walikuwa zaidi ya sita kwa kila kumi, na karibu wote miguuni. Sista Deki alisaidia kujaza daftari akiwa amevimba shingo. Aliona kama ametukanwa nyumbani kwake.

Sasa jambo analolijua ni hili. Alhamisi iliyopita Fundi alikuja kama kawaida, akafika zamu yake nyuma ya pazia, na daktari wa ngozi alikuwa ametoka kidogo. Alikuwa na soksi. Zile kandambili za mkanda mpana alizivaa juu ya soksi, mtindo ambao wengi wa benchi la Alhamisi walikuwa wameanza, na Sista Deki aliuona kuwa ustaarabu. Akamwambia avue. Fundi akasema kwa sauti ya chini, "Mimi niache, mdogo wangu." Na yeye akamwacha. Huyu ndiye aliyebaki naye wazazi walipofariki, aliyemshonea sare ya shule kwa kitambaa cha pazia na hakuna aliyegundua. Mtu kama huyo humwamrishi kuvua soksi kama mtoto wa chekechea. Tena alikuwa kaka yake yeye, Sista Deki. Akaandika hana, na akaona fahari kuliandika.

Siku saba baadaye alfajiri wifi yake, mke wa Fundi, alimleta kaka mtu akitetemeka kwa homa. Soksi ilibidi ikatwe kwa mkasi. Katikati ya kidole kidogo na cha jirani yake ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imeoza, na chini yake ufa wa kuingia ukucha. Daktari wa zamu alisema fangasi ndiyo iliyopasua, vijidudu vingine vikapita hapo, na sukari ikavikaribisha ndani. Akauliza kama mgonjwa huyu alikaguliwa wiki iliyopita. Sista Deki akajibu kwamba ataangalia daftari.

Hakuangalia. Alijua kilichoandikwa na mwandiko ulikuwa wa nani.

Saa nne daktari wa ngozi alimwita kwenye kile chumba kidogo chenye hadubini. Alikuwa na madaftari mawili mezani, lake na lile la mahudhurio. Alisema amekaa akiyalinganisha na ameona jambo linalomsumbua. Wagonjwa wa sukari waliohudhuria mara ya kwanza au ya pili hawana miguu tofauti na ya watu wengine wa kliniki. Waliohudhuria mwaka mmoja wanayo zaidi. Waliohudhuria miaka mitatu na minne bila kukosa, wale wanaosifiwa, karibu wote wanayo.

"Kadiri mtu anavyokuja kwenu, ndivyo anavyougua miguu," alisema. "Nieleze, sista. Mtu akifika pale mlangoni, anafanya nini na anafanyiwa nini?"

Sista Deki alieleza, mwanzoni kwa kujipiga kifua. Anavua viatu. Anavaa kandambili safi. Zinalowekwa kila jioni. Mgeni akauliza maji ya dawa yanabadilishwa lini. Akajibu Jumatatu. Akauliza, basi Alhamisi ni maji ya siku ya ngapi. Akauliza zikitolewa kwenye ndoo zinaanikwa wapi. Hazianikwi. Zinaingia sandukuni mbichi, kifuniko kinafungwa, na asubuhi zinatoka na ule unyevunyevu ambao wagonjwa waliuita baridi ya usafi.

Daktari wa ngozi alikwenda mwenyewe mlangoni akarudi na jozi moja, akakwangua pale kisigino na vidole vinapokaa, ukatoka uchafu mweupe kama unga uliolowana. Ulikuwa ngozi. Magamba madogo madogo ya ngozi za watu. Akaweka kwenye kioo, akadondoshea dawa, wakasubiri, na kusubiri huko kulikuwa kurefu kuliko ile kozi nzima ya uuguzi. Akatazama. Akasogea.

"Njoo uone."

Sista Deki aliinama. Kati ya vipande vya ngozi aliona nyuzi, nyembamba, zenye vifundo, zimegawanyika na kupita humo kwa raha zao. Alikuwa ameziona wiki mbili hizi kwenye vioo vya wagonjwa mpaka akazichoka.

"Siwezi kukuapia kwamba zote zimetoka hapa," daktari wa ngozi alisema. "Nitaziotesha maabara, itachukua wiki kadhaa. Lakini mimi mguu wangu nisingeutia humo. Na mwenye sukari nisingemruhusu kabisa."

Nje benchi lilikuwa limejaa. Kumi na tisa walikuwa wameshavaa za buluu. Sista Deki alisimama mlangoni, akawaambia wote wazivue na waingie na viatu vyao. Hawakumwelewa. Bwana mmoja mnene aliuliza kama ni mtihani. Mwingine alisita kukanyaga sakafu na viatu vyake, akatazama kulia na kushoto kama mwizi. Hakuwaeleza sababu. Alibeba sanduku akalipeleka uani, akalifunika kwa gunia, na alipogeuka alikuta sakafu yake ya miaka mitano imeshaota tope. Kwa mara ya kwanza hakuita mtu wa deki.

Daktari wa zamu alipita akauliza kuna nini leo. Akamwambia atamweleza baadaye. Ilikuwa kweli alikusudia kumweleza, ila kwanza alitaka saa kumi ipite na mstari usivukwe. Alijiambia kwamba kaka akipona, maneno yatakuwa mepesi kuyasema. Ni hesabu ya woga, na woga ukipiga hesabu hujipendelea.

Saa sita alikwenda kumtazama. Alipapasa kutoka juu kushuka. Ngozi baridi, baridi, baridi, kisha joto. Uvimbe ulikuwa umesogea juu. Kati yake na mstari ilibaki nafasi ya upana wa vidole viwili.

"Vipi?" Fundi aliuliza.

"Inaendelea vizuri."

"Basi mwambie daktari wako safari nyingine achore mbali kidogo. Wino si wake, ni wa serikali."

Alicheka, akaukunja uso kwa maumivu. Alikuwa ametoka jasho, midomo imekauka. Sista Deki alimpa maji, akamgeuzia mto, akanyoosha shuka lililokuwa limenyooka. Alitaka kumwambia habari ya kandambili. Aliuliza swali badala yake: ilianza lini kuwasha. Fundi akaangalia ukutani akasema haikumbuki. Mtu anayekumbuka kipimo cha kiuno cha kila mteja tangu ujana wake, haikumbuki.

Saa nane ilibaki nafasi ya kidole kimoja. Daktari aliongeza dawa ya pili, ya nguvu zaidi, na akamwambia dereva asiende mbali. Wifi alikuwa amekaa mwisho wa benchi la nje tangu alfajiri, mkoba mapajani. Kila Sista Deki alipopita alimtazama usoni bila kuuliza, na kila mara Sista Deki alijifanya ana haraka.

Saa tisa kasoro robo alipapasa tena. Baridi, baridi, na joto likaanza. Likaanza kabla ya wino. Alirudia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba huo ungekuwa na huruma zaidi. Ngozi iliyokuwa imekunjana asubuhi sasa iling'aa juu ya mstari kwa unene wa punje ya mahindi. Fundi alikuwa amefumba macho. Hakuna mwingine chumbani. Saa kumi ilikuwa mbali bado, na katika dakika moja, ambayo hataisahau, Sista Deki alifikiria kusubiri. Gari likienda, mguu unakwenda. Labda dawa itaurudisha. Labda amepapasa vibaya. Halafu akakumbuka kwamba wiki iliyopita pia aliona vibaya kumwambia kaka tena avue soksi. Akatoka kwa mbio kumwita daktari.

Daktari alitazama mara moja tu. Akamwagiza dereva awashe gari, akaenda kuandika barua.

Fundi akafumbua macho akasema haendi.

Alisema kwa upole, kama anayekataa chai. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema wamwache hapo, au wampeleke nyumbani, lakini hospitali kubwa haendi. Daktari alimweleza kuhusu damu kuoza, kuhusu siku mbili, kuhusu kifo, na Fundi akaitikia kila neno kwa kichwa na mwisho akasema amesikia, na haendi. Daktari akamtazama Sista Deki kwa maana kwamba huyu ni wako, akatoka.

Sista Deki alikaa kitandani karibu na mguu.

"Kaka, unaogopa kukatwa?"

"Nani haogopi? Lakini si hilo. Kule nasikia wanafunzi wa udaktari wanakuja kumi kumi. Wanafunua shuka, wanaulizana. Nimevumilia wewe na huyu daktari mmoja. Sitaki kuvuliwa mbele ya watu."

"Kuvuliwa nini?"

"Huu uchafu wangu."

Kisha mwenyewe akaendelea, akiwa amegeukia ukuta, na kilichotoka kilikuwa cha miezi saba. Ilianza kuwasha kidole cha mwisho. Alisoma ile karatasi ya wino mwekundu kila Alhamisi akiwa kwenye foleni, akajiambia basi haoshi vizuri. Akaanza kuosha miguu mara tatu kwa siku. Akasugua kwa jiwe mpaka damu. Akavaa soksi kabla haijakauka ili watoto wasione. Ikazidi. Mkewe akamtengea beseni, akamtengea taulo, mwezi wa tatu akamtengea kitanda, na soksi zake akawa anaziokota kwa mkono uliovikwa mfuko wa plastiki. Hakumlaumu. Naye amesoma karatasi ileile.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Sista Deki aliuliza. "Mimi ni muuguzi. Mimi ni mdogo wako."

"Ungeniuliza mbele ya watu kama naoga."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. Alilisema kama kipimo cha kiuno.

"Wiki iliyopita uliandika hana," Fundi akasema. "Niliona. Nikashukuru Mungu. Nikasema, kumbe yupo mtu mmoja bado ananiona msafi."

Nje injini ya gari iliwaka. Sista Deki alikuwa amepanga maneno tangu saa nne, yenye labda na inawezekana, yenye maabara na wiki kadhaa. Yote yakamwisha.

"Kaka, ni kandambili."

"Kandambili gani?"

"Za hapa. Zangu. Nilikuwa naziloweka kwenye dawa iliyokwisha nguvu, sizianiki, nazifungia mbichi. Leo nimeziona kwa hadubini. Zimejaa. Karibu benchi zima la Alhamisi mnayo, na wanaokuja sana ndio walioipata zaidi. Wewe hujakosa hata Alhamisi moja kwa sababu mimi nilikuwa nakuja kukutoa dukani. Na kule kuosha mara tatu, ukavaa soksi mbichi, ndiko kulikoipalilia. Hukuwa mchafu. Uliosha kupita kiasi. Mimi ndiye niliyekuambukiza, halafu nikakuandikia ukutani kwamba ni kosa lako."

Fundi aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama muda mrefu, na Sista Deki alijiweka tayari kwa lolote, kutukanwa, kufukuzwa, kuambiwa asimwite kaka tena.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

"Una hakika? Hunibembelezi ili nipande gari?"

"Sikubembelezi. Ingekuwa kubembeleza ningetafuta uongo mzuri kuliko huu."

Alijifunika uso kwa shuka. Mabega yakaanza kutikisika, na Sista Deki hakujua kama analia au anacheka, na nadhani hata mwenyewe hakujua. Alipolishusha shuka macho yalikuwa mekundu lakini paji la uso limenyooka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Miezi saba," alisema. "Miezi saba najisugua na jiwe." Akavuta pumzi. "Nitakugombeza, mdogo wangu. Nitakugombeza sana, nikipata nguvu. Sasa hivi nenda ukamwambie wifi yako. Usimnong'oneze. Mwambie kwa sauti, benchi lote lisikie. Ukishamwambia, waje na machela."

Sista Deki alitoka. Benchi lilikuwa bado na watu kama thelathini, viatu vyao vimechora ramani ya tope sakafuni. Wifi alisimama. Kwenye mkono wa kulia alikuwa ameshavaa mfuko wa plastiki, tayari kubeba kiatu na kile kipande cha soksi.

Sista Deki alisema. Alimwambia wifi yake na aliwaambia wote: kandambili, ndoo, sanduku, hadubini. Alisema ugonjwa wa miguu ya mume wako umetoka hapa, si kwake, na mwenye makosa ni mimi. Alisema fangasi si uchafu, ni ugonjwa kama mwingine, watu wanne kwa kumi wanao, na hapa tumewaongezea sisi. Kisha akabandua karatasi yake, akaikunja, na kwa kuwa hakujua aitupe wapi akabaki ameishika.

Mama mmoja mwenye kitambaa cha manjano aliuliza kutoka kwenye benchi, "Na mimi uliyeniuliza kama naoga?"

"Na wewe. Ilikuwa mwezi wa pili. Nisamehe."

Mama yule hakusema amesamehe. Aliinama tu akaanza kufungua kamba za viatu. Bwana mnene naye akainama. Daktari wa ngozi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha hadubini, alirudi ndani kuchukua daftari, maana wengi waliokuwa wanainama alikuwa nao tayari kwenye orodha, chini ya hana, wakiwa wamekaguliwa na soksi miguuni.

Wifi alikuwa bado amesimama palepale. Machela ilipita, Fundi juu yake, akapandishwa garini, mguu umefungwa bendeji hadi chini kidogo ya mstari, vidole nje. Wifi akapanda nyuma yake, akakaa, akauvua ule mfuko mkononi akautupa nje kupitia dirishani, jambo ambalo siku nyingine Sista Deki angemfokea. Kisha akauinua mguu wa mumewe kwa mikono mitupu akauweka mapajani, juu ya nguo yake ya kutokea, na mkono mmoja akauacha kwenye vidole. Gari likaondoka hivyo.

Hospitali kubwa walimkata Ijumaa. Jumamosi saa tatu asubuhi wifi alipiga simu, na Sista Deki aliipokea akiwa uani, amesimama. Vidole viwili, wifi alisema, kile kidogo na jirani yake. Mguu upo. Homa imeshuka, sukari inashuka, daktari anasema uvimbe umerudi chini ya mstari na unazidi kushuka. Sista Deki alikalia ndoo iliyokuwa karibu. Aliuliza kama kaka analia.

"Halii," wifi alisema. "Anagombana na muuguzi. Wanafunzi wamekuja kumi na wawili, muuguzi anataka kumfunika mguu kwa shuka, yeye anakataa. Anasema waache watazame vizuri."